Utosi

Hapana mama wa visiwani asiyeujua utosi. Ndipo mahali laini kichwani mwa mtoto mchanga, panapopiga kama moyo wa pili. Hupakwa mafuta, hufunikwa kofia, na mgeni haruhusiwi kupagusa. Mtoto anapoharisha siku mbili tatu, mkono wa bibi hauanzi tumboni, huanzia hapo. Ukikuta pamebonyea, nyumba nzima hunyamaza.

Usiku mmoja wa masika, katika kijiji kimoja cha Pemba, mkono wa bibi ulikuta pamebonyea. Mtoto alikuwa na miezi 9. Kisima kilikuwa kimeingia maji ya mvua, na nepi zilizofuliwa mchana zilikuwa hazijakauka. Mama wa mtoto alipoinua kikombe, mavyaa wake alimshika mkono.

"Mwanangu, usimnyweshe. Kila unachomtia kinatoka. Liache tumbo lipumzike."

"Lakini mama, analia bila ya machozi."

Bibi yule alikuwa amezaa wanane na kuzika watatu. Maneno yake hayakutoka katika ujinga, yalitoka katika msiba. Mtu akiuona mtungi unavuja, huacha kuutia maji. Naye hivyo ndivyo alivyofunzwa na mama yake. Wala hakuwa peke yake. Madaktari wa Ulaya nao, kwa miaka mingi, waliwanyima chakula watoto wenye kuharisha, kwa hoja ile ile ya kulipumzisha tumbo.

Wataalamu walimtafuta adui kwa hadubini, wakampata. Mwaka 1885 Theodor Escherich alieleza bakteria aliowaona katika choo cha watoto wachanga, ambao baadhi ya jamii zao zilikuja kujulikana baadaye kuwa huharisha. Na mwaka 1897 Kiyoshi Shiga, Mjapani, akamtambua anayeleta kuhara damu. Hata hivyo, kulijua jina la adui hakukutosha. Aghalabu kinachomuua mtoto anayeharisha ni ukame: maji na chumvi humtoka kwa kasi kuliko vinavyorudi.

Ufunguo ulikuwa jikoni. Mwaka 1960 Robert Crane alieleza kwamba, katika ukuta wa utumbo, sukari na chumvi hupita mlango mmoja, zimeshikana mikono. Na zipitapo, maji huzifuata. Ikaja kubainika kuwa mlango huo haufungiki hata utumbo unapougua. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipowamiminia wakimbizi India, kipindupindu kilizuka katika kambi ya Bongaon na maji ya kutia mishipani yakapungua. Daktari Dilip Mahalanabis akachanganya chumvi, magadi na sukari ya glukosi katika maji, akayajaza mapipani, na jamaa za wagonjwa wakawanywesha kwa vikombe. Vifo, vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100, vikashuka hadi chini ya 4.

Mkwe hakuyajua majina hayo. Alilolijua ni alilofunzwa kliniki: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Alichanganya, akaonja asije akazidisha chumvi, na maji yalipopoa akaanza kijiko baada ya kijiko. Mtoto alipotapika, alingoja kidogo, akaanza tena. Baina ya vijiko alimnyonyesha. Usiku wa manane mikono ilipomwishia nguvu, bibi, bila ya neno, alikipokea kijiko.

Alfajiri mtoto alikojoa. Kisha akalia, na machozi yakamtiririka.

Bibi alikitazama kile kikombe kwa muda mrefu. "Kwani ni hivi tu?" akauliza.

Mkwe hakujibu. Nyuma ya nyumba palikuwa na makaburi matatu madogo, na jibu lolote lingefika huko kwanza.

Tangu siku ile, bibi akiitwa na jirani, mkono wake bado huanzia utosini. Lakini hapaki kitu juu yake. Huuliza kama kuna damu katika choo, na ikiwapo, au mtoto akiwa amelegea asiweze kunywa, huwahimiza wende hospitali pale pale, huku wakimnywesha njiani kadiri awezavyo. Ama isipokuwapo, huagiza birika, sukari na chumvi, akakaa kitako na kijiko chake.