Usiku mmoja Rusumo: gesti ya bei nafuu, mto na swali la mtoto

Hiace iliyotoka Lusahunga iliwashusha Rusumo saa kumi jioni, mvua ya Aprili ikiwa imekatika kidogo. Walikuwa wanne: baba, mama, binti wa miaka tisa na mdogo wake wa kiume wa miaka sita. Mzigo wao ulikuwa begi moja na ndoo ndogo ya maandazi waliyotoka nayo Biharamulo. Bajeti yao ilikuwa ya kulala usiku mmoja tu, kisha asubuhi waende Ngara mjini kwa bibi mzaa baba.

Wangeweza kwenda kwa bibi moja kwa moja. Walipitia Rusumo kwa sababu ya ahadi. Baba, aliyekulia Ngara, alikuwa amewaahidi watoto kuwa likizo hii wataona maporomoko. Mama alikubali kwa sharti moja: habari za mwaka 1994 zibaki kwa watu wazima.

Gesti waliyoipata ni ya mama mmoja mtu mzima, nyumba ndefu ya bati yenye vyumba vinavyotazamana.

“Shikamoo bibi,” watoto walisema kwa pamoja.

“Marahaba wajukuu zangu. Mmeshakula?”

Aliwaonyesha vyumba viwili vya bei moja. Cha mbele kina feni na dirisha kubwa linalotazama barabara. Cha nyuma ni kidogo, hakina feni, na dirisha lake linatazama bondeni. Baba alipenda cha mbele. Mama hakujibu haraka. Alifunua chandarua akakikagua kwenye mwanga kama kina matundu, akajaribu komeo, akafungua bomba, akauliza maji yakikatika kuna akiba kwenye ndoo. Kisha akauliza malori yanalala wapi.

“Hapo hapo mbele,” bibi alisema akicheka. “Mengine hayazimi injini.”

Wakachukua cha nyuma.

Soko linalotembea

Kule Thailand kuna soko maarufu la Damnoen Saduak, ambako wachuuzi huuza matunda na vyakula wakiwa ndani ya mitumbwi, na wageni hulala gesti za kando ya mifereji ili waamkie sokoni. Rusumo haina soko la mitumbwi. Mto huu una nguvu mno kwa biashara hiyo. Lakini ina soko lake linalotembea, na linatembea kufuata foleni ya malori.

Malori hayo hutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Kigali na kwingineko. Yakisimama kusubiri zamu, kinamama huja na mabeseni kichwani: ndizi mbivu, karanga, mayai ya kuchemsha, mahindi ya kuchoma. Dereva hushusha kioo, hutoa hela, hupokea mfuko. Foleni ikisogea, soko nalo linasogea. Anayebadilisha faranga kwa shilingi yupo, na lugha zinachanganyika. Kihangaza cha Ngara kinakaribiana sana na Kirundi na Kinyarwanda, kwa hiyo mama wa hapa na dereva wa ng’ambo wanaweza kupatana bei hata bila Kiswahili.

Watoto walipata mchezo wa bure. Walihesabu namba za magari, T za Tanzania upande mmoja na R za Rwanda upande mwingine. Yule mdogo ndiye aliyegundua jambo ambalo baba alisahau kulisema: Tanzania magari hupita kushoto, Rwanda hupita kulia, kwa hiyo hapa mpakani kila gari lazima libadilishe upande.

“Wasipobadilisha je?” aliuliza.

“Ndiyo maana wanakwenda polepole,” mama alisema.

Maji ya nchi tatu

Kabla giza halijaingia waliteremka kuelekea mtoni. Baba alimwomba ruhusa askari kwanza, simu ikiwa mfukoni, kwa sababu mpakani na penye mitambo ya umeme mtu hapigi picha bila kuuliza. Waliruhusiwa kutazama kwa mbali.

Mto Ruvubu huja kutoka Burundi na kukatiza wilaya ya Ngara. Karibu na Rusumo hukutana na maji ya Nyabarongo yanayotoka Rwanda, na kuanzia hapo ni Kagera. Muda si mrefu baada ya kukutana, maji yanaporomoka. Jina lenyewe linasema hivyo, kwani isumo kwa Kinyarwanda na Kirundi ni maporomoko. Siku hizi sehemu ya maji hupitishwa kwenye kituo cha umeme cha megawati 80, na umeme wake hugawanywa sawa kwa nchi tatu: Tanzania, Rwanda na Burundi.

“Kwa hiyo taa ya bibi wa gesti inawashwa na maji haya?” binti aliuliza.

“Huenda,” baba alisema. “Yakishapita hapa yanakwenda Ziwa Victoria, halafu yanaingia Nile mpaka Misri.”

Binti alitazama maji ya kahawia yaliyojaa masika, kisha akanyoosha kidole kwenye daraja.

“Baba, wewe umeshawahi kulivuka?”

Baba alinyamaza. Mama alimtazama.

Wazazi wengi wa Ngara wenye umri wa miaka 40 na zaidi wanalijua swali hilo. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa ishirini na nne hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara wakitokea Rwanda. Ng’ambo, Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi yalikuwa yakiendelea tangu Aprili 7, na vita vilikuwa vikisogea. Waliovuka walikuwamo akina mama na watoto wasio na kosa, na walikuwamo pia watu wenye damu mikononi. Wengi waliouawa hawakufika darajani. Mto uliwachukua, na miili ilifika hadi Ziwa Victoria. Kambi ya Benaco, iliyobeba jina la kampuni iliyokuwa ikijenga barabara, iligeuka mji mkubwa ndani ya siku chache.

Hayo yote hayamfai mtoto wa darasa la tatu. Baba naye alikuwa darasa la tatu mwaka huo.

Aliyevunja ukimya ni mama. “Mwambie,” alisema kwa sauti ya chini. “Mwambie yale uliyoyaona wewe.”

Baba alichuchumaa. “Sikulivuka. Nilikuwa na umri wako. Kule ng’ambo watu walikuwa wanauawa na majirani zao. Siku moja walikuja watu wengi sana, wanatembea, wamechoka. Bibi yako alikuwa na sufuria ya maharage ya chakula chetu cha usiku. Akaitoa nje.”

“Nyinyi mkala nini?”

“Ndizi.”

“Walirudi kwao?”

“Wengi walirudi, mwishoni mwa mwaka 1996. Wengine walifia njiani.”

Binti hakuuliza zaidi. Alishika mkono wa mdogo wake, wakapanda kilima.

Saa iliyorudi nyuma

Usiku ule, magari yalipopungua, maji yalisikika dirishani. Mama aliwafunika watoto, akakaa ukingoni mwa kitanda.

“Nilidhani atalia,” alisema.

“Mimi nilidhani nitalia mimi,” baba alijibu.

Alitega kengele ya simu saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu Hiace ya Ngara huondoka saa kumi na mbili. Hakujua kwamba usiku simu ilishika mtandao wa Rwanda. Rwanda iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na simu nayo ikarudi nyuma. Bibi wa gesti, ambaye saa yake ni ya ukutani, ndiye aliyegonga mlango.

“Nyinyi si mlisema mnawahi gari? Ni saa kumi na moja na nusu!”

Waliamka wakigongana. Maandazi yaliliwa njiani.

Kwa mzazi atakayewapeleka watoto Rusumo, somo la kwanza ni hilo: zima huduma ya mtandao wa nje na tega saa kwa mkono, la sivyo utachelewa gari na salio litaliwa. Pili, chumba cha nyuma ni bora kuliko chenye dirisha zuri. Tatu, mtoto asiachwe kusogea kwenye maji, kwani Kagera ina mamba na viboko, na ukingo unateleza. Nne, ukitaka kuvuka, ulizia uhamiaji mapema, na kila mmoja awe na hati yake, hata mtoto mchanga.

Na swali la daraja litakuja. Inasaidia baba na mama wakikubaliana mapema nani atajibu, na ajibu kwa kiasi cha umri wa anayeuliza.

Ndani ya Hiace yule mdogo alilala mapajani kwa mama. Binti alikaa dirishani mpaka bonde likapotea. Walipokaribia Ngara mjini alimgeukia baba.

“Bibi bado anayo ile sufuria?”

“Sijui. Tutamuuliza.”

Walipofika hakusubiri chai. Aliamkia, akapokea baraka zake, akaenda moja kwa moja jikoni kutazama.