Sahihi ya Fundi

Kazi yangu ni ufundi wa ndege na kwetu ni Mikindani. Siku moja niliitwa uwanja wa Mtwara na bwana mwenye ndege yake ndogo ya injini moja. Rafadha ilikuwa imeliwa na chumvi ya bahari, vishimo vidogo vidogo juu ya panga, na kishimo ndicho kizaacho ufa. Alikwisha kununua nyingine kwa bei rahisi, inang'aa kama kioo.

"Fundi, wewe funga tu. Matundu ya bolti yanaoana."

Kweli yalioana. Lakini kila aina ya ndege ina waraka unaotaja rafadha zilizokubaliwa, na ile haikuwamo, wala haikuwa na cheti. Rafadha isiyopatana na injini huitetemesha hata mhimili ukakatika. Akasema aruka peke yake, roho ni yake.

"Na wavuvi wa Msimbati walio chini yako, bwana?"

Alininunia. Nami sifichi, ujira aliotaja ulikuwa mnono na karo ya watoto ilikuwa inaningoja. Usiku ule sikulala.

Mwishowe aliagiza iliyomo katika waraka. Nikazikaza bolti kwa spana ya kipimo, nikazifunga waya zisilegee, nikahakikisha ncha za mapanga zapita njia moja. Kisha nikaandika namba yake katika daftari la ndege, nikatia sahihi.

"Basi panda twende," akaniambia.

Nikapanda. Tulifika mdomo wa Ruvuma, maji ya tope yakiingia baharini, tukageuza kabla ya mpaka.