Rimu nne, chumvi na ufa mmoja

Wiki tatu zimepita bila mimi kuandika kitu hapa. Samahanini. Safari hii sababu si kazi wala umeme kupotea. Sababu ni rimu nne za gari langu, ambazo nilizikwangua, nikazipaka rangi, zikaniaibisha, nikazikwangua tena. Waliokuja kusoma habari za hifadhidata wavumilie kidogo, programu zitaingia mbele.

Gari lenyewe ni Toyota Vitz, mtumba wa Japani kama magari mengi yanayoshushwa Kilindini. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, mengi hufika bado yana sura nzuri. Langu lilifika na rimu za sporti za inchi 14 zinazong'aa. Kisha likaanza kulala nje, si mbali na Fort Jesus, maana vichochoro vya Mji wa Kale havipitishi gari hadi mlangoni petu. Upepo wa bahari ukalipiga usiku na mchana. Baada ya miaka mitatu rimu zilikuwa na mabaka kama mtu mwenye mba.

Watu husema alumini haishiki kutu. Ni kweli nusu. Ikiguswa na hewa hujifunika ngozi nyembamba mno ya oksaidi, na ngozi hiyo ndiyo kinga yake. Adui wa ngozi hiyo ni kloraidi, yaani chumvi ya bahari. Rimu ikikwaruzwa na ukingo wa barabara, klia hufunguka mahali padogo, chumvi na unyevu huingia, halafu ulaji hutambaa chini ya klia kama nyuzi nyeupe za mizizi.

Mara ya kwanza niliifanya kazi hii mwezi wa Mei. Fundi wa panchari alinitolea matairi kwa mashine (usijaribu kuyatoa kwa mtaimbo nyumbani, utavunja ukingo wa rimu). Nikaketi barazani na msasa, na kila aliyepita akawa na ushauri. Jirani mmoja aliniambia nitumie kostiki soda, ile ya kuzibulia mabomba. Kweli itatoa rangi, lakini baadaye itaila alumini yenyewe huku ikitoa gesi ya haidrojeni. Nikatumia dawa ya kawaida ya kutolea rangi na brashi ya plastiki. Brashi ya waya wa chuma nayo iacheni: huacha chembe za chuma ndani ya alumini, nazo hushika kutu na kuzidisha maradhi.

Msasa namba 120, halafu 240, halafu 400. Nikaosha, nikakausha, nikapiga praima, rangi ya fedha, kisha klia. Klia ikageuka nyeupe kama ukungu mbele ya macho yangu. Mei ni masika, hewa imejaa maji. Thina inaporuka haraka huipoza rangi, na unyevu wa hewani hutua juu yake kama jasho kwenye gilasi ya maji baridi. Nikasugua, nikangoja siku kavu, nikarudia. Zikapendeza! Mama akasema gari limekuwa bwana harusi.

Baada ya miezi minne yakatoka malengelenge.

Hapo nikafanya ninavyofanya kazini programu inapogoma: niliacha kukasirika, nikauliza nini kimetofautiana. Rimu tatu zilikuwa na malengelenge, ya nne safi kabisa. Praima ni ileile, rangi ni ileile, mkono ni uleule. Nikakumbuka: zile tatu niliziosha kwa maji ya kisima cha nyumbani, ambayo ni ya chumvi, kama yalivyo ya visima vingi vya mji huu. Siku ya rimu ya nne ndoo ya kisima ilikatika kamba, nikatumia maji matamu tuliyonunua kwa mwenye mkokoteni. Kumbe nilikuwa nimemfungia adui ndani ya nyumba, kisha nikapiga klia juu ya mlango.

Kwa hivyo Januari, kaskazi ikivuma na hewa ikiwa kavu, nikaanza upya. Safari hii niliosha kwa maji matamu mara mbili, nikakausha juani, nikapaka rangi kuanzia saa nne asubuhi umande ukishaondoka. Jambo jingine nililojifunza: usipake rangi nene pale nati zinapokalia wala pale rimu inapogusana na gari. Rangi hubonyea, nati hulegea. Ukisharudisha magurudumu kaza nati kwa kipimo, kisha uzikague tena baada ya kilomita 50 au 100.

Ilikuwa rimu ya tatu. Nilikuwa nasugua upande wa ndani, ule usioonekana, nikaona mstari mwembamba karibu na ukingo. Nikadhani ni mkwaruzo wa msasa. Nikasugua zaidi, haukutoka. Kuna njia ya zamani ya kuuliza chuma maswali: nikapaka mafuta ya taa, nikafuta pakavu, nikapaka unga wa chaki. Baada ya dakika chache mafuta yaliyojificha yakapanda juu na kujichora kwenye chaki. Ufa, kama sentimita 4. Shimo gani la barabarani liliufanya, sijui.

Sasa sikilizeni tatizo. Gari lilikuwa linauzwa. Nilishapata mteja, mwalimu mwenye watoto wawili, anakuja Jumamosi. Picha alizozipenda ni zile za rimu.

Mjomba alikuwa barazani na kahawa yake. Akautazama ufa, akasema, "Mwanangu, chomea, usugue, upake rangi. Nani atakayelala chini ya gari kuangalia?" Mjomba si mtu mbaya. Amekuwa na magari tangu sijazaliwa, na magurudumu yaliyochomewa ameyaona mengi yakienda Malindi na kurudi.

Lakini rimu hizi si alumini tupu. Mchanganyiko unaotumika sana una silikoni kiasi cha asilimia 7 na magnesi kidogo, na rimu ikishamiminwa hupikwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 500, hupozwa ghafla, kisha hupashwa tena taratibu. Nguvu yake imetokana na mapishi hayo. Moto wa kuchomea huyaharibu mapishi kando ya kovu, na barazani hatuna tanuri la kuyarudia. Weldi itaonekana nzuri, na chuma kilicho pembeni yake kitakuwa kimelegea.

Nilikaa na rimu ile mapajani nikakumbuka usiku mmoja wa miaka mitano iliyopita. Nilikuwa mgeni kazini, asubuhi tunamwonyesha mteja mfumo wa stoo, na programu ilikuwa inatoa kosa nisilolielewa. Nikalizungushia mistari minne ya kulidaka na kulinyamazisha. Skrini ikawa safi, nikapigiwa makofi. Kosa halikuondoka. Kila lilipotokea, mzigo uliotoka stoo haukuandikwa, na hakuna aliyejua mpaka hesabu ya mwisho wa mwezi. Akaulizwa mtunza stoo kwanza. Mimi niliulizwa baadaye. Mzee yule alikuwa ameshakaa siku mbili akiitwa mwizi.

Nikampigia mwalimu simu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hivyo gari ni bovu?" Nikamwambia gari si bovu, rimu moja ndiyo mbovu, na ninatafuta nyingine.

Kutafuta kukawa kazi. Nilipata ya mtumba ya inchi 14 yenye matundu manne yanayolingana na ya Vitz, ila nakshi yake ni tofauti. Nikaifanyia jaribio la chaki kabla ya kulipa, muuzaji akiniangalia kama mganga. Nikaipaka rangi ileile ya fedha. Jumamosi mwalimu akaja, akalizunguka gari mara mbili, akasema, "Tatu ni ndugu, hii ya nne ni mtoto wa kufikia." Akapunguza bei, nami sikubishana naye sana. Akalichukua.

Ilibaki rimu yenye ufa. Mnunuzi wa vyuma chakavu aliitaka. Nikajua jinsi itakavyokwenda: mtu ataichomea, ataipaka rangi, itapata picha nzuri. Nikachukua msumeno wa chuma, nikaikata vipande viwili pale pale kwenye ufa. Ilinichukua Jumapili nzima, na mjomba alicheka mpaka kahawa ikampalia. Kisha nikamuuzia.

Haya, ndiyo hayo. Kesho narudi kwenye msimbo. Kuna mistari minne ya zamani naiendea.