Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Katika miji ya pwani inayopendwa na watalii, sheria za kupangisha nyumba kwa siku chache hukusudiwa kumlinda mwenyeji. Barcelona, kwa mfano, ilitangaza mwaka 2024 kwamba kufikia Novemba 2028 leseni za nyumba za watalii zitakoma, ili wakazi wapate pa kuishi.

Dzaleka haina ufuo. Ni kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, Malawi. Hata hivyo, ina Tamasha la Tumaini, lililoasisiwa mwaka 2014 na mshairi Menes La Plume, mkimbizi kutoka Kongo. Wageni hulipia malazi katika nyumba za wakimbizi.

Nami nimelala huko. Mama aliyenipokea alinipa kitanda chake, akalala mkekani pamoja na wanawe. Asubuhi nilipanda basi kwenda Lilongwe bila kuulizwa neno. Yeye hutakiwa kuwa na kibali, kwa kuwa sera ya Malawi huwataka wakimbizi wakae kambini. Mwaka 2023 wengi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini walirudishwa Dzaleka kwa nguvu.

Methali yetu humwahidi mwenyeji kwamba ujio wa mgeni utamponya. Malipo ya usiku mmoja hununua unga na mafuta, hayamfungulii njia. Basi mnaposoma sheria yoyote ya malazi, ulizeni kwanza: je, mwenyeji naye anaruhusiwa kuwa mgeni kwingine?