Waini Ina Jina la Mlima, Chai Yetu Je?

Kuna watu Nairobi watakueleza waini nyekundu hadi uchoke. Eti hii ni Malbec ya Bonde la Uco, imekuzwa juu milimani. Lakini waulize majani chai yao yametoka kilima gani. Kimya. Mimi ni mtu wa Nyamira, na hii kitu inanikera.

Kuhusu waini wako sahihi, wacha niseme ukweli. Bonde la Uco liko Mendoza, Argentina, chini ya milima ya Andes, karibu mita 1,000 kwenda juu. Jua la huko ni kali, kwa hivyo ganda la zabibu linakuwa nene, na ganda ndilo lina rangi na ule ukakasi unaokausha ulimi. Usiku baridi inashuka, zabibu haiivi kwa haraka, uchachu wake unabaki. Udongo una mawe mengi, maji hayatuami. Unaonja mahali, si zabibu tu.

Sasa panda matatu Kisii mjini, upite Nyamira hadi Kebirigo. Vilima vyetu vinakaribia mita 2,000. Udongo ni mwekundu, una kina, una asidi, na maji yanapita. Mchai unapenda hivyo. Mvua haitutupi, mara nyingi inakuja alasiri. Baridi ikiingia, chipukizi linakua polepole, na jani la polepole lina harufu kuliko lile lililokimbia baada ya mvua kubwa. Hata ule ukakasi wa waini uko kwenye chai. Vinywaji tofauti, lakini mlima unafanya kazi ile ile.

Shida inaanza baada ya kuchuma. Kiwandani, majani mengi yanasagwa kuwa punje ndogo zinazotoa rangi haraka, poa kwa chai ya maziwa. Halafu yanaenda mnada wa Mombasa, mnunuzi anayachanganya na ya kwingine. Mtu wa Karachi anakunywa kilima chetu na hajui.

Halafu bonasi ikitangazwa, viwanda vya huku magharibi mwa Bonde la Ufa kwa kawaida hupata kidogo kuliko vya upande wa Mlima Kenya, na tunaambiwa chai yetu ni ya chini. Sawa, ukichuma majani magumu badala ya mawili na chipukizi, hakuna kilima kitakuokoa. Lakini huwezi kuhukumu udongo ambao hujawahi kuuonja peke yake. Sehemu ya majani yetu isokotwe bila kusagwa, ipakiwe ikiwa imeandikwa Nyamira, na urefu wa kilima uwe hapo kwa pakiti. Wenye waini walifanya hivyo, na watu wanalipa.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla ununue chupa, tafuta majani ya kwetu. Chemsha strungi, bila maziwa, bila sukari. Kunywa polepole. Kama unaweza kusikia Andes kwa glasi, Nyamira haiwezi kukushinda.