Pikipiki ya Porini: Kutoka Mabibo Mpaka Kisarawe

Ukikaa Mabibo huhitaji saa ya kukuamsha Jumamosi. Malori ya ndizi huingia sokoni kabla ya alfajiri, wachukuzi wakaanza kuitana, na mara tu kunapopambazuka bodaboda nazo huanza kunguruma. Pikipiki tunazo, tena pengine tunazo nyingi kuliko tunavyopenda. Lakini ninayotaka kuizungumza nawe leo si ya abiria wala ya mikungu ya ndizi. Ni ile ya kumtoa mtu mjini siku ya mapumziko, akaone msitu na vilima, akarudi jioni ana vumbi masikioni na moyo mweupe.

Mwezi uliopita vijana watatu wameniuliza neno hilo moja: "Mzee, mimi sijawahi kuwa na pikipiki ya porini. Ninunue ipi?" Kila mmoja nilimjibu kwa kumsimulia safari. Ukienda dukani kwanza, utachagua rangi. Ukiijua njia kwanza, njia yenyewe itakuchagulia.

Basi twende. Tunatoka Mabibo, tunashika barabara ya Mandela kuelekea Tabata na Buguruni mpaka TAZARA, kwenye lile daraja la juu la Mfugale lililofunguliwa mwaka 2018. Hapo tunapinda kulia, tunaifuata barabara ya Nyerere, tunapita uwanja wa ndege, Ukonga na Gongo la Mboto. Hadi hapo ni lami tupu, magari yanakubana kushoto na kulia, na pikipiki yo yote yenye breki nzuri yatosha. Kisha inakuja Pugu. Mwalimu Nyerere alikuwa akifundisha katika shule ya Pugu kabla ya kuacha kazi mwaka 1955 ili ashike shughuli za TANU, na wazee husimulia jinsi alivyokuwa akiikanyaga njia hii kwa miguu kwenda mjini. Ukiwa juu ya injini, ukumbuke hilo, usimpigie honi ya kiburi mtu anayetembea.

Baada ya Pugu barabara inapanda, hewa inabadilika, na miti ya misitu ya Pugu na Kazimzumbwi inaonekana. Misitu hiyo ni hifadhi, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Si uwanja wa kuchezea pikipiki. Ukitaka kuingia, pita getini, lipa, uliza ni njia gani inaruhusiwa, usiiache. Sisi shabaha yetu ni ng'ambo ya mji wa Kisarawe, kama kilomita 30 kutoka nyumbani, mahali zinapoanza njia za vijijini: udongo mwekundu vilimani, mchanga mabondeni, mikorosho na mihogo pande zote mbili. Wakati wa kiangazi mchanga ule ni laini kama unga. Wakati wa masika ule udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Pikipiki yako ya kwanza itajaribiwa na vitu hivyo viwili, si na kingine.

Sasa nikuungamie kosa langu, ili lako liwe dogo.

Pikipiki yangu ya kwanza ya porini ilikuwa ya cc 250, ndefu, nzuri ajabu kwa macho. Niliipata kwa mtu aliyeinunua mnadani. Mama watoto alipoiona imesimama uani, hakusema neno juu ya fedha, ingawa alijua vema kwamba ile ilikuwa akiba ya kuezekea chumba cha nyuma. Aliizunguka mara moja, akaniuliza: "Baba Neema, ukianguka nayo peke yako, utainyanyua?" Nikacheka. Nikamwambia kwamba mwanamume hanunui chombo kwa kufikiria kuanguka.

Jumamosi ya pili, nikiwa peke yangu, nikaingia bonde moja lenye mchanga mbele ya Kisarawe. Gurudumu la mbele likazama, usukani ukapinda, nikataka kuweka mguu chini. Mguu haukufika. Kiti kilikuwa juu mno kwangu. Tukaenda chini polepole kama mnazi uliokatwa, na pikipiki ikanilalia mguu wa kushoto, injini yake ina moto. Suruali ilianza kunuka. Nilisukuma, haikutikisika. Nilipiga kelele, akajibu ndege. Sijui nililala pale kwa muda gani. Nilipolala, muda ulikuwa mrefu sana.

Aliyenitoa ni bibi mmoja aliyekuwa akirudi shambani na wajukuu wawili, kichwani ana tenga la mihogo. Akatua tenga, akanitazama.

"Shikamoo, bibi," nikasema kutoka kule chini.

"Marahaba, mwanangu. Hili dude ni la nani?"

"Langu, bibi."

"Mbona lenyewe ndilo limekukalia wewe?"

Wakaliinua wote watatu, nami nikajivuta. Kovu la ndama ya mguu ninalo hadi leo, na nilipofika nyumbani usiku, nikichechemea, mama watoto alilitia dawa bila kuniuliza tena lile swali. Ningefurahi kama angeuliza. Kunyamaza kwake kuliuma kuliko dawa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kipimo cha kwanza ni swali la mama watoto. Kabla hujatoa fedha, mwombe mwuzaji mlaze pikipiki chini, juu ya majani au gunia. Akikataa, mwulize anaogopa nini. Kisha uinyanyue peke yako. Usiivute kwa mikono kama anayeng'oa muhogo, utaumia kiuno. Pinda usukani, igeuzie pikipiki mgongo, chuchumaa matako yakigusa kiti, mkono mmoja ushike usukani na wa pili ushike chuma cha nyuma, halafu simama kwa nguvu za mapaja ukirudi nyuma hatua ndogo ndogo. Mfuko wa saruji una kilo 50. Pikipiki ya porini ya cc 125 ni kama mifuko miwili na kidogo; zile kubwa hukaribia mifuko mitatu, nyingine huzidi. Ukiishindwa uani kwa mtu, asubuhi, umekunywa chai, mchangani saa nane mchana hutaiweza.

Cha pili ni kimo. Panda juu yake ukiwa umevaa viatu utakavyoendea. Si lazima nyayo zikae chini zote, lakini vidole na sehemu ya mbele ya nyayo za miguu yote miwili vikanyage ardhi barabara. Wenye maduka watakuambia utaizoea. Mguu haurefuki kwa kuzoea.

Juu ya ukubwa wa injini, mimi husema cc 125 mpaka 200 kwa anayeanza, nisirudi nyuma. Liko pia jambo la leseni: daraja A1 ni la pikipiki ndogo zisizozidi cc 125, na daraja A ni la kubwa kuliko hizo. Usinunue chombo ambacho leseni yako haikitambui. Sisi wa Mabibo hatuna udhuru kuhusu mafunzo, maana Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kiko hapa hapa mtaani kwetu.

Utasikia mabishano juu ya injini za mipigo miwili na za mipigo minne. Yamaha DT 125 na AG 100 za zamani ni za mipigo miwili: nyepesi, rahisi kufungua, lakini hula oili pamoja na petroli, hutoa moshi, na nguvu za DT hukaa juu, ukizembea na mafuta inalegea, ukizidisha inaruka kama mbuzi. Za mipigo minne, kama Honda XL 125, Yamaha AG 200 au Honda XR 150 za siku hizi, huvuta taratibu kutoka chini, na kwenye mteremko ukiachia mafuta injini yenyewe hukusaidia kuzuia mwendo. Kwa anayejifunza nachagua mipigo minne. Najua wapenzi wa DT watanikasirikia. Wao wana mikono iliyokwisha kuungua, wanajua walifanyalo.

Hizi nyingi hazikuletwa nchini kwa ajili ya starehe. Zililetwa kwa bwana shamba, bwana mifugo, muuguzi wa chanjo na watu wa miradi, na zikichakaa huuzwa. Ndiyo maana utakazoziona zimekwisha kufanya kazi ngumu. Ulimwenguni starehe hii ilienea baada ya Yamaha kutoa DT-1 mwaka 1968, pikipiki ya cc 250 iliyoweza kwenda barabarani na porini pia, na katika mbio za kwanza za kutoka Paris kwenda Dakar, zilizoanza Desemba 1978, mshindi wa pikipiki, Cyril Neveu, alipanda Yamaha XT 500. Usiige ya Dakar. Yule alikuwa bingwa, wewe unakwenda Kisarawe.

Ukikagua iliyotumika, nenda asubuhi wakati injini ingali baridi. Mwuzaji aliyeipasha moto kabla hujafika ana lake jambo. Piga kiki mwenyewe. Napenda yenye kiki, kwa sababu betri ikifa kijijini kiki ndiyo itakayokurudisha nyumbani. Ya mipigo minne ikitoa moshi wa bluu usiokoma, ringi zimekwisha. Pitisha kidole kwenye shokapu za mbele. Kikitoka na oili, sili zimekufa. Tazama meno ya sproketi: yakichongoka na kupinda kama ndoana, sproketi na cheni vimefika mwisho, na hiyo ni gharama uitoe kwenye bei. Tafuta mahali fremu ilipochomelewa. Gonga spoki moja moja. Iliyolegea hulia tofauti. Kisha soma namba ya injini na ya fremu, uzilinganishe na kadi, tarakimu kwa tarakimu, wala usikubali kuambiwa kadi italetwa kesho.

Jambo ambalo vijana hawaulizi kamwe ni vipuri. Kabla hujalipa, nenda kwa fundi wako wa mtaani umwulize: kebo ya klachi ya aina hii naipata wapi? Akikuna kichwa, nawe kuna chako. Hapa ndipo ninapoitetea bodaboda ya kawaida. Boxer na TVS si za porini, magurudumu yake ni madogo na shokapu fupi, lakini plagi yake, cheni yake na kebo yake zinapatikana mpaka kwenye kibanda cha kijijini. Kama fedha haitoshi, afadhali hiyo, iliyotiwa tairi zenye meno, ukae kwenye njia za changarawe mwaka mmoja, kuliko kukopa ili upate ndefu ya kukulalia.

Tena usiimalize fedha yote kwenye chuma. Tenga kwanza ya helmeti nzuri, glavu nene na viatu vya ngozi vinavyopita kifundo cha mguu. Mwenye kwenda kule na kandambili, nisimwone. Jifungie na pampu ndogo, mpira wa ndani wa akiba, plagi na spana zake. Ukifika mchangani punguza upepo wa tairi kidogo, uurudishe kabla ya lami. Ukiingia mchangani tazama mbali, si kwenye gurudumu. Kaa nyuma, achia mikono ilegee, acha usukani ucheze, na mafuta usiyakate ghafla. Breki ya mbele iache ilale. Na usiende peke yako kama nilivyofanya mimi. Mwambie mtu wa nyumbani ni njia gani mnashika.

Ile ndefu niliiuza kwa hasara. Chumba cha nyuma kilikaa bila bati masika mawili, na kila mvua iliponyesha niliisikia ikinisema. Baadaye nikapata ya cc 125, mipigo minne, imechubuka matangi, mbaya wa sura. Safari hii nilimwita mama watoto aje aone nikiilaza na kuinyanyua. Nikainyanyua mara mbili. Akasema, "Mara ya tatu, ukiwa umechoka." Nikainyanyua, jasho linanitoka. Akaingia ndani kutafuta kadi ya benki.

Na yule bibi wa bondeni nimempitia mara nyingi tangu siku ile, nikimchukulia sukari na sabuni. Mara ya kwanza aliponiona na ile ndogo, aliiweka mkono kwenye kiti, akaisukuma, akaiona inakwenda. Akaniagiza nimpelekee gunia lake la mihogo Kisarawe sokoni, kwa kuwa, alisema, sasa nimepata punda wa kimo changu. Nikalifunga gunia nyuma kwa mpira, nikaondoka mapema niwe Mabibo kabla ya giza.