Jina Chini ya Wimbo

Nyumbani kwetu Tanga, vitu vya kwenye televisheni vilikuwa na vyeo. Juu kabisa ilikaa taarifa ya habari, ambayo baba aliitazama akiwa kimya kama yuko msikitini. Ikafuata filamu, hasa ya Kimarekani yenye polisi, mahakama au vita, kwa sababu baba aliamini ina mafunzo. Tamthilia zilikuwa za mama. Chini ya vyote, chini hata ya matangazo ya sabuni, zilikaa video za muziki. Hizo baba aliziita "kelele zenye rangi."

Mdogo wangu sasa ana miaka 23 na anaongoza video za muziki Dar es Salaam. Mimi nina miaka 27, nasoma shahada ya uzamili, na tasnifu yangu inahusu waongozaji wa Kimarekani wanaohama kutoka video za nyimbo kwenda kwenye filamu na televisheni. Baba aliona hapo nafasi. Desemba iliyopita, nilipokwenda likizo, alinikalisha barazani akanipa kazi.

"Wewe ndiye msomi wa mambo haya," alisema. "Mwambie mwenzako aache mchezo. Ajifunze filamu kamili, au arudi huku tumtafutie kazi ya maana."

Jibu langu lilichukua likizo nzima, na bado halijaisha.

Nilianza na jambo jepesi: ngazi ile ya sebuleni kwetu haipo kwa wanaotengeneza. Chukua Thriller ya Michael Jackson, iliyoanza kuonyeshwa Desemba 1983. Ina urefu wa karibu dakika 14. Aliyeiongoza, John Landis, alikuwa mtu wa sinema. Jackson alimfuata kwa sababu ya filamu yake ya mwaka 1981, An American Werewolf in London. Rick Baker, aliyepata Oscar kwa kutengeneza sura ya mtu anayegeuka mbwa mwitu katika filamu hiyo, ndiye aliyewatengeneza wafu wanaotoka makaburini kucheza. Fedha za kampuni ya muziki hazikutosha, basi wakatengeneza pia kipindi kinachoonyesha video hiyo ilivyopigwa, wakauza haki ya kukirusha kwa vituo vya televisheni. Kwa hiyo ni wimbo, umepigwa kama sinema ya kutisha, na sehemu kubwa ya gharama imelipwa na televisheni. Mwaka 2009 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa kwa niaba ya taifa. Ilikuwa video ya kwanza ya muziki kuingia humo.

"Huyo ni Michael Jackson," baba alisema. "Usinipe mfano wa mfalme."

Sawa. Baba anampenda Denzel Washington kupita kiasi. Ana diski moja ya zamani, zile zilizokuwa na filamu nyingi ndani yake na picha ya nyota mmoja juu ya ganda, na filamu anayoirudia ni Training Day ya mwaka 2001, ile iliyompa Denzel Oscar ya mwigizaji bora. Nikamwambia kwamba mwongozaji wake, Antoine Fuqua, ndiye pia aliyeongoza zile tatu za The Equalizer, na kabla ya hapo, mwaka 1995, alikuwa akiongoza video ya Gangsta's Paradise ya Coolio.

Baba aliweka kikombe chini. "Huyo huyo?"

"Huyo huyo."

Nikajua nimepata mlango. Nikampeleka kwa F. Gary Gray, ambaye ndiye kiini cha sura ya pili ya tasnifu yangu. Mwaka 1993 Gray aliongoza video ya It Was a Good Day ya Ice Cube. Wimbo wenyewe ni masimulizi ya siku moja isiyo na balaa katika mitaa ya Los Angeles, na Gray akaupiga hivyo hivyo, tukio baada ya tukio, kuanzia asubuhi hadi usiku. Halafu mwishoni, huku siku ikiwa imepita salama, polisi wenye silaha wanaizingira nyumba. Mtazamaji anaachwa akijiuliza uzuri wa siku ile ulikuwa wa nani.

Miaka miwili baadaye alitoa filamu yake ya kwanza, Friday, akiwa na miaka 25. Ni kichekesho. Kinapita siku moja, mtaa mmoja, na Ice Cube yumo tena, safari hii kama mwigizaji na mmoja wa waandishi. Ukizitazama zikifuatana unaona kwamba video ilikuwa rasimu ya filamu. Namna ya kuipa siku ya kawaida umbo la hadithi, namna ya kukaa barazani na kuacha mtaa upite mbele ya kamera, na namna ya kuuweka ukali chini ya mzaha, vyote vilikuwa vimekwisha kufanyiwa mazoezi ndani ya dakika chache za wimbo. Baadaye Gray akaongoza wizi wa benki katika Set It Off, maisha ya wanamuziki katika Straight Outta Compton, na magari katika The Fate of the Furious ya mwaka 2017.

Hilo la mazoezi sikulisoma vitabuni tu. Mwaka juzi nilimfuata mdogo wangu lokesheni, kwenye gereji moja ya Temeke, nikabeba taa na maji. Alitaka msanii aonekane akitembea polepole, kama mtu aliye ndani ya maji, lakini midomo ifuate maneno ya wimbo. Akaupiga wimbo kwenye spika kwa kasi maradufu. Msanii akaimba haraka haraka kama kasuku aliyekunywa kahawa, mafundi wa gereji wakacheka hadi wakaacha kazi. Kamera ilikuwa ikichukua picha mara mbili ya idadi ya kawaida kwa sekunde. Usiku, picha ziliporudishwa kwenye mwendo wake, mwili ulielea, moshi wa gereji ukapanda taratibu, na midomo ikaangukia sawasawa kwenye kila neno. Ni hila ya siku nyingi, na waongozaji wa Marekani wameitumia katika nyimbo nyingi mno. Mdogo wangu aliipata kwa kujaribu na kukosea, kwa kamera ya kukodi ambayo ilipaswa kurudishwa saa mbili asubuhi.

Nilipomsimulia baba hili, alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali ambalo nadhani lilistahili kuulizwa na msimamizi wangu.

"Hao Wamarekani wako walipandaje? Nani aliwapandisha?"

Hapo ndipo jibu langu rahisi lilipogoma. Ni vizuri kuorodhesha majina. David Fincher aliongoza Express Yourself na Vogue za Madonna kabla ya Se7en, kisha akaingia televisheni na House of Cards mwaka 2013. Melina Matsoukas aliongoza Formation ya Beyoncé, akaongoza vipindi vya tamthilia ya Insecure, na mwaka 2019 akatoa filamu yake ya kwanza, Queen & Slim. Hiro Murai, Aprili 2018, alionyesha kipindi kimoja cha Atlanta, tamthilia inayohesabiwa kuwa ya vichekesho, kikawa cha kutisha kuliko filamu nyingi za mashetani; mwezi mmoja baadaye ikatoka video yake ya This Is America. Mtu akisoma orodha kama hii haraka, atadhani kipaji ni puto: kiachie tu, kitapanda chenyewe.

Lakini walikuwa na ngazi. Mwaka 1986, Fincher na wenzake walianzisha kampuni huko Los Angeles iitwayo Propaganda Films. Ilitengeneza video za muziki na matangazo ya biashara, na chini ya paa hilo hilo ikashiriki kutengeneza filamu ya Wild at Heart na tamthilia ya Twin Peaks, zote za David Lynch, mwaka 1990. Fuqua alipitia hapo, Michael Bay alipitia hapo, Spike Jonze alipitia hapo. Kijana aliyeongoza wimbo Jumatatu aliweza kupewa tangazo mwezi uliofuata, na tangazo likamlipia kodi wakati anasubiri hadithi ndefu. Gharama za video zilitangulizwa na kampuni za muziki, ambazo mara nyingi zilikata sehemu yake kwenye mapato ya msanii. Mfumo huo haukuwa wa huruma, na kupanda hakukuwa laini: filamu ya kwanza ya Fincher, Alien 3, ilimtesa kiasi kwamba aliikana. Lakini daraja la pili lilikuwepo, na mtu aliweza kuliona akiwa amesimama kwenye la kwanza.

Mdogo wangu hana kampuni ya muziki. Anayemlipa ni msanii mwenyewe, kijana wa rika lake, nusu kabla ya kazi na nusu "nikipata shoo." Katika ile video ya gereji walikubaliana laki nne. Humo ndani mlikuwa na kukodi kamera, taa, usafiri, chipsi za watu saba na shukrani kwa mwenye gereji. Nusu ya pili haijalipwa mpaka leo. Anaishi kwa kushuti harusi.

Haya yote nilimwambia baba bila kuficha, ingawa yalikuwa yanamsaidia yeye. Nilitegemea aseme, "Unaona?" Badala yake akauliza, "Kwenye hiyo video, jina lake liko wapi?"

Tukaifungua kwenye simu yangu. Jina la msanii lilikuwepo. Jina la produsa aliyetengeneza mdundo lilikuwepo, na namba ya simu ya meneja. La mdogo wangu halikuwepo kwenye picha wala kwenye maelezo ya chini.

Baba alikuwa karani bandarini kwa miaka 31. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila mzigo una karatasi, na kila karatasi ina jina. Sijawahi kumwona amekasirika vile kwa ajili ya video ya muziki. "Mzigo usio na jina," alisema, "ni mali ya yeyote anayeuchukua."

Ndipo nikakumbuka jambo ambalo nilikuwa nimeliweka kwenye tanbihi ya tasnifu, kama pambo. MTV ilianza kurusha matangazo tarehe 1 Agosti 1981, na kwa zaidi ya miaka 11 ilionyesha chini ya kila video jina la msanii, la wimbo na la kampuni. Jina la mwongozaji lilianza kuandikwa hapo mwishoni mwa 1992. Video ya It Was a Good Day ilitoka mwaka uliofuata. Kizazi cha Gray na Fuqua kilipanda wakati ambapo mtu wa kawaida, akiwa kwenye kochi lake, aliweza kusoma nani ameongoza wimbo alioupenda, na kulikumbuka jina hilo. Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi kuhusu mtindo, mwanga na ukataji wa picha. Baba alikuwa ameuliza kuhusu karatasi.

Jioni ile aliandika mkataba kwa kalamu, kwenye karatasi ya mistari, kwa mwandiko wake wa bandarini. Malipo yote kabla ya kukabidhi kazi. Gharama za kukodi vifaa kwa msanii. Kipengele cha nne: jina la mwongozaji lionekane mwanzoni mwa video na kwenye maelezo yake. Nikaupiga picha, nikamtumia mdogo wangu. Akajibu kwa vicheko vingi, kisha: "Dada, nikiwaonyesha hiki watakimbia."

Wawili walikimbia kweli. Wa tatu, msichana anayeimba singeli, alisaini bila kusoma, na video yake ilitoka Machi. Jina la mdogo wangu limo, chini kushoto, kwa sekunde nne. Baba alilalamika kwamba herufi ni ndogo.

Tasnifu nimeibadilisha. Ile tanbihi sasa ni sura. Msimamizi wangu ameuliza nilivyofika huko nikasema ni mahojiano ya ana kwa ana. Kwa baba sikuweza kuahidi chochote. Sijui kama sekunde nne zinatosha kuwa daraja mahali ambapo ngazi haijajengwa, na sitaki kumdanganya kwa kumtajia Fuqua kila anapouliza.

Wiki iliyopita mdogo wangu alipigiwa simu na watu wanaotengeneza tamthilia. Wanatafuta mpiga picha wa pili, kwa malipo ya kila kipindi, na walikuwa wameona jina lake kwenye ile video ya singeli. Walitaka aanze Jumatatu. Akawaambia atafurahi sana, ila kwanza wamtumie mkataba. Bado anausubiri.